Daftari Lililofungua Mpaka

Tarehe 15 Januari 2024 Tanzania ilitangaza kwamba ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa tena kwenda na kurudi baina ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Haikupata hata siku mbili, mawaziri wa nchi za nje wa pande zote mbili wakatoa kauli kuwa jambo limezungumzwa na litamalizwa. Na kweli likamalizwa kabla ya siku iliyowekwa kufika.

Barazani kwetu hapa Mombasa vijana waliisoma habari hii, wakacheka, wakaifunika. Wazee hawakucheka. Waliyakumbuka ya 1977, kwani ugomvi ule nao ulianzia kwenye ndege, na wenyewe haukwisha kwa siku mbili. Ulikwenda miaka sita na miezi tisa, mpaka umefungwa.

Basi leo, msomaji, nataka tuutazame ugomvi ule wa zamani kwa jicho la biashara. Tumezoea kuambiwa kuwa ulikuwa ugomvi wa siasa, ujamaa huku na ubepari kule, na kwamba ulikwisha kwa kuwa viongozi walikumbuka undugu. Undugu ulikuwapo siku zote, wala haukufungua hata komeo moja. Kilichofunga ni hesabu, na kilichofungua ni hesabu.

Na kusema kweli hata mstari wenyewe ulichorwa na wafanyabiashara. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mpaka wa maeneo yao uanzie mlango wa Mto Umba, pale Vanga, upande bara. Nyuma ya serikali ya Ujerumani ilikuwapo kampuni ya akina Carl Peters, na nyuma ya Waingereza walikuwapo William Mackinnon na wenzake, ambao mwaka 1888 walipewa hati ya kifalme ya kampuni yao. Wadigo, Wasegeju na Wavumba hawakuulizwa. Wakajikuta shamba la baba liko kwa Mjerumani na kaburi la babu liko kwa Mwingereza. Lakini mstari ule kwa miaka mingi ulikuwa wa karatasi tu. Mtu akitoka Vanga asubuhi kwenda Jasini kuuza samaki, jioni yuko nyumbani, na hakuna aliyemwita mgeni.

Tuje kwenye Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais Kenyatta, Nyerere na Obote, ukaanza kazi Desemba mwaka huo. Makao makuu yakawekwa Arusha. Reli na ndege makao yake yakawa Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Kwa mtu wa kawaida lilikuwa jambo la fahari: treni moja, stempu moja, na ndege zenye jina moja.

Ila ndani ya nyumba ile mlikuwa na kuni mbichi zikifuka moshi tangu mwanzo. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Kampuni za ng'ambo zilipotaka kuuza sabuni, viatu au dawa katika nchi tatu, zilijenga Nairobi, kwa sababu walowezi walikuwa wamekwisha kuandaa barabara, benki na umeme. Kwa hiyo Kenya iliiuzia Tanzania mali nyingi kuliko iliyonunua. Mwaka 1964 walijaribu kupatana Kampala viwanda vigawanywe, kila nchi ipate vyake. Mapatano yakafia njiani. Mkataba wa 1967 ukaleta kodi maalumu ya kuzisaidia Tanzania na Uganda kulinda viwanda vyao vichanga dhidi ya bidhaa za Kenya. Fikiria, ndugu watatu wanakula sahani moja, na kila mmoja anahesabu matonge ya mwenzake.

Kisha yakaja mambo mengine. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo baraza la marais watatu halikukutana tena. Malori makubwa ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka mizigo Zambia yakalalamikiwa na Tanzania kuwa yanaharibu barabara. Watalii wakawa wanashukia Nairobi, wanapakiwa katika magari ya Nairobi, wanaingia Serengeti kuona simba, na usiku wanarudi kulala na kula Kenya. Tanzania ilikuwa imefungua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971 ili wageni washukie kwake, lakini wageni hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Simba ni wa Tanzania, dola ni za Nairobi. Mimi ni Mkenya, lakini malalamiko haya siwezi kuyaita ya husuda. Mwenye mnazi akiona wengine wanauza madafu, ana haki ya kuuliza.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likawa halina fedha. Kenya ilisema wenzake hawaleti malipo yao. Wenzake walisema Kenya imekwisha kujitengenezea njia yake pembeni. Ndege zikalala Nairobi, na mwanzoni mwa Februari Kenya Airways ikaanza kuruka. Siku zile zile, TANU na ASP zikijiandaa kuungana kuwa CCM, Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa ng'ambo yakazuiwa huko huko. Katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na nyumba ikaanguka yenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni wakati huo. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Tanga, na kabla ya hapo alikuwa akija Mombasa kila Maulidi na kila harusi, anashuka basi na kapu la machungwa ya Muheza. Mpaka ulipofungwa tulianza kupata salamu zake kwa vinywa vya watu: fulani kamwona, fulani kamsikia. Mumewe alipofariki, habari ilitufikia khitma imekwisha somwa na watu wamekwisha ondoka. Mama hakulia sana siku ile. Alichokuwa akikirudia ni kwamba hakwenda kumshika nduguye mkono. Huo ndio mpaka niujuao mimi, na katika miji ya Pwani kuanzia Vanga hadi Lamu si nyumba yetu peke yake iliyopata msiba wa namna hiyo.

Nyimbo, kwa bahati, hazikuwa na pasi. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vyama vya taarab ambavyo Mombasa nzima ilivipenda, na sauti zao ziliendelea kuvuka kwa redio na kwa kanda. Wakati mwingine twasahau kwamba utamaduni nao ni biashara: kanda ile ilikuwa na bei, na aliyeileta alipata faida yake.

Na hapa ndipo nawakumbuka watu ambao vitabu vya historia huwapita haraka. Mpaka ulifungwa Namanga, ukafungwa Lunga Lunga na Horohoro, Taveta na Holili. Lakini njia za panya hazikufungwa. Kuanzia 1979 Tanzania ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimeila hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni hazikuwapo. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikawa adimu madukani. Vitu hivyo vilikuwapo Kenya. Basi vikaenda, kwa ngalawa usiku, kwa baiskeli, kwa kichwa cha mwanamke aliyejifanya anakwenda kuzuru wagonjwa. Serikali zilikuwa hazisemezani; mchuuzi wa Vanga na mchuuzi wa Jasini walikuwa wakikopeshana bila hati, kwa ahadi ya mdomo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa walioitwa wahujumu uchumi, wengi walionaswa nchini walikuwa walanguzi wakubwa, lakini wadogo nao hawakusalimika.

Sisifu magendo. Magendo hayalipi ushuru, na mwenye nguvu ndiye anayefaidi. Lakini nasema hivi: ikiwa jamaa wawili wamenuniana na watoto wao wanaendelea kupelekeana chumvi kwa mlango wa uani, ujue chumvi hiyo ndiyo itakayowarudisha.

Kwingine serikali ziliufungua mlango huo wa uani kwa makusudi. Japani na China ya Beijing hazikuwa na uhusiano wa kibalozi baada ya Vita Vikuu. Lakini mwaka 1962 Liao Chengzhi wa China na Takasaki Tatsunosuke wa Japani waliandikiana mapatano ya biashara, na pande mbili zikafungua ofisi za kushughulikia biashara hiyo. Mbolea na vyuma vikenda, makaa na soya zikarudi. Ubalozi ukaja miaka kumi baadaye, Septemba 1972, na ulipokuja ulikuta watu wamekwisha kujuana majina. Tofauti na sisi ni kwamba kule waliotangulia walipewa ofisi. Huku waliotangulia walipewa jela.

Kwa nini basi marais wetu hawakupatana mapema? Jibu langu ni kahawa. Baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil Julai 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno mwaka 1976 na 1977. Mwaka ule ule mpaka ulipofungwa Kenya ilikuwa na fedha. Kupoteza soko la Tanzania na njia ya Zambia kuliuma, lakini kuliuma kama mtu anayeng'olewa jino amekwisha kupewa dawa ya ganzi. Bei ya kahawa ilipoanguka na mafuta kupanda, ganzi ikaisha. Wenye viwanda wa Nairobi na Mombasa wakaanza kuhesabu walichokosa. Desemba 1981 nchi kadhaa za mashariki na kusini ya Afrika zilitia sahihi Lusaka mkataba wa eneo la biashara nafuu. Kenya ilikuwamo. Lakini kutoka Mombasa kwenda Lusaka kwa barabara utapita wapi kama si Tanzania?

Tanzania nayo ilijua kuwa mpaka ndio silaha yake ya pekee. Kenya ilitaka mpaka ufunguliwe kwanza, kisha mali ya Jumuiya igawanywe. Tanzania ikasema la, tugawane kwanza, ndipo nifungue. Mpaka ukawekwa rahani.

Na mwenye kudai alikuwa mwingine pia. Mashirika ya Jumuiya yalikuwa yamekopa Benki ya Dunia, na sasa mkopaji amekufa. Nani atalipa, na kwa kiasi gani? Kwa hiyo Benki ilikuwa na haja yake katika suluhu hii, na akatafutwa mpatanishi. Aliyepatikana ni Victor Umbricht, Mswisi, mtu aliyewahi kuwa mwanadiplomasia na aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya dawa ya Ciba-Geigy ya Basel. Nakumbuka nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilitabasamu: kwa ugomvi wa biashara aliletwa mtu wa biashara. Hakuja na hotuba za undugu. Alikuja na daftari. Alitaka kujua kila injini ya treni iko wapi, kila meli ya ziwani, kila jengo la posta, kila ndege, na thamani yake ni nini. Kazi hiyo ilimchukua miaka, huku Kenyatta akifariki Agosti 1978 na Moi akishika, Amin akiangushwa Aprili 1979, na Obote akirudi Ikulu ya Kampala mwaka 1980.

Sisi tuliosoma vyuoni twajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kurani ni ile ya kuandikiana deni. Nadhani Mswisi yule hakuijua, lakini kazi aliyoifanya ni hiyo hiyo: liandikwe, lishuhudiwe, asidhulumiwe mtu.

Mwishowe hesabu ikatoka hivi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mali ilikuwa imekwisha kubaki Kenya na Tanzania, hizo mbili zikabeba wajibu wa kuifidia Uganda. Novemba 1983 marais watatu wakakutana Arusha, wakakubaliana, na mpaka ukafunguliwa. Hati yenyewe ya mapatano Moi, Nyerere na Obote waliitia sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984.

Haki ya msomaji ni kuambiwa yote, kwa hiyo niongeze kwamba biashara haikuwa peke yake mezani. Mwezi ule ule wa Novemba 1983 serikali mbili zilibadilishana watu: Tanzania ikawarudisha Wakenya waliokimbilia kwake baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na Kenya ikawarudisha Watanzania waliotuhumiwa kupanga kuipindua serikali yao. Kwa wale waliorudishwa, kufunguliwa kwa mpaka hakukuwa sikukuu. Kiongozi wa jaribio la Kenya alihukumiwa kifo na akanyongwa mwaka 1987. Suluhu za wakubwa mara nyingi huwa na kifungu kisichosomwa hadharani.

Ndani ya hati ya 1984 mlikuwamo kifungu kilichozitaka nchi tatu ziendelee kutafuta namna ya kushirikiana siku za mbele. Wakati huo kilionekana kama salamu ya mwisho wa barua. Lakini ndicho kilichokuja kukamatwa miaka ya tisini: tume ya pamoja mwaka 1993, sekretarieti Arusha mwaka 1996, mkataba mpya wa Jumuiya Novemba 1999, nao ukaanza kazi Julai 2000.

Je, tangu hapo tumepona? Mwaka 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, ikapiga mnada ng'ombe wa wafugaji wa Kenya wapatao 1,300 waliovuka kutafuta malisho. Mwaka 2020, wakati wa korona, ndege za Kenya zilizuiwa kwa muda kuingia Tanzania. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania kwa kusema yana sumu ya kuvu. Miezi miwili baadaye, Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akaja Nairobi, na pamoja na kuhutubia Bunge alikutana na wafanyabiashara wa nchi mbili katika ukumbi mmoja. Lililofuata ni kuondolewa vikwazo kimoja baada ya kimoja. Julai 2025 tena Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, kama vile kutengeneza simu na kuwaongoza watalii, na Nairobi wakanuna.

Kwa hiyo ugomvi upo. Tofauti ya 1977 na 2024, kwa maoni yangu, ni mizani. Wakati ule Kenya ndiyo iliyouza na Tanzania ndiyo iliyonunua, na anayenunua tu hana cha kupoteza akifunga mlango. Siku hizi mahindi, mchele, vitunguu na machungwa ya Tanzania yanalisha Mombasa na Nairobi, na gesi ya kupikia nayo huvuka. Kampuni za Kenya zina benki Dar es Salaam. Ukifunga Horohoro leo, kabla ya Ijumaa atalia mkulima wa Muheza na atalia mama muuza matunda wa Kongowea, na wote wawili wana wabunge.

Yako yaliyobaki hayajalipwa. Wastaafu wa Jumuiya ya zamani upande wa Tanzania, watu waliofanya kazi katika reli, posta na bandari, walikuwa bado wakienda mahakamani na kukaa barabarani Dar es Salaam kudai haki zao zaidi ya miaka ishirini baada ya hati ya Arusha kutiwa sahihi. Daftari liligawa injini na meli barabara kabisa. Wenye kuziendesha wakawa mwisho wa mstari.

Na liko lango la Bologonja, baina ya Maasai Mara na Serengeti. Lilifungwa pamoja na mpaka mwaka 1977, na mpaka ulipofunguliwa lenyewe halikufunguliwa kwa watalii, kwa sababu ile ile ya simba na dola niliyoitaja. Mtalii aliyelala Mara akitaka kuiona Serengeti hana budi azunguke mpaka Isebania, apige mihuri, aingie Sirari, kisha arudi mashariki siku nzima. Nyumbu huvuka hapo kila mwaka kwa malaki.